Maji Katika Mapafu ya Wapanda Milima: Historia ya Maradhi na Urithi Wake

Kujaa maji kwa mapafu kutokana na mwinuko ni maradhi yanayompata mtu mwenye afya njema, kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya nne baada ya kufika mahali palipo juu ya meta 2,500 kutoka usawa wa bahari. Dalili za mwanzo ni uchovu usio wa kawaida na kikohozi kikavu. Kisha mgonjwa huanza kutweta hata akiwa amepumzika, midomo na kucha hugeuka rangi ya buluu, kifua hukoroma, na makohozi hutoka na povu ambalo pengine huwa na damu. Asiposhushwa au kupewa oksijeni mapema, anaweza kufa katika muda wa saa chache. Miongoni mwa magonjwa ya mwinuko, hili ndilo linaloongoza kwa kuua.

Maradhi haya yana tabia ya kuchagua. Watu wakipanda taratibu, kwa siku kadhaa, hadi meta 4,500, huugua chini ya mmoja katika kila mia. Lakini mtu aliyekwisha kuugua akirudi kwenye mwinuko huo kwa haraka, hupata ugonjwa tena kwa takriban asilimia 60. Mwenzake aliyepanda naye hatua kwa hatua, akala chakula kilekile na kulala kibanda kimoja, hushuka salama. Kwa hiyo wataalamu walikabiliwa na maswali mawili, moja baada ya jingine: huu ni ugonjwa gani, na kwa nini humpata huyu na kumwacha yule. Swali la kwanza lilichukua karibu miaka sabini kujibiwa. La pili limejibiwa nusu tu.

Kabla ya ugonjwa kutambuliwa

Habari za watu kuugua milimani ni za kale. Mtawa wa Kibudha kutoka China, Faxian, aliyeanza safari ya kwenda India mwaka 399, aliandika kwamba mwenzake mmoja alifia kwenye milima ya theluji huku povu jeupe likimtoka mdomoni. Baadhi ya wanahistoria wa tiba wamelihusisha povu hilo na maji ya mapafu, ingawa baridi kali peke yake ingeweza kumuua msafiri aliyechoka. Mmisionari Mjesuiti wa Hispania, José de Acosta, alipovuka njia ya Pariacaca katika milima ya Andes nchini Peru alishikwa na kichefuchefu na kutapika kwa nguvu. Katika kitabu chake cha mwaka 1590 alieleza kwamba hewa ya huko ni nyepesi mno kwa pumzi ya binadamu. Alikuwa amekaribia ukweli, lakini alichokieleza ni ugonjwa wa kawaida wa mwinuko, ule wa kichwa na tumbo, ambao huwapata wengi na kupona wenyewe.

Sababu ya msingi ilipatikana Ufaransa. Mwaka 1878 Paul Bert alichapisha kitabu kikubwa kuhusu kanieneo ya hewa, kilichotokana na majaribio aliyoyafanya ndani ya chumba cha chuma ambamo hewa iliweza kupunguzwa. Alionyesha kwamba kinachomdhuru mtu mahali pa juu ni uhaba wa oksijeni unaoletwa na kushuka kwa kanieneo. Kwenye mwinuko wa meta 5,500, kanieneo ya hewa ni takriban nusu ya ile ya pwani, na kila pumzi huleta nusu tu ya oksijeni.

Miaka 13 baadaye kikatokea kifo ambacho leo huhesabiwa kuwa kisa cha kwanza cha maradhi haya kuthibitishwa kwa uchunguzi wa maiti. Mwaka 1891 daktari kijana, Étienne Jacottet, alipanda Mont Blanc na kukaa kwenye kituo cha utafiti kilichojengwa na Joseph Vallot, kwenye mwinuko wa zaidi ya meta 4,300. Alipoanza kuugua alikataa kushuka, kwa kuwa alitaka kuzichunguza athari za mwinuko katika mwili wake mwenyewe. Alifia kituoni hapo, na maiti ilipopasuliwa mapafu yalikutwa yamejaa maji. Angelo Mosso, mwanafiziolojia wa Italia, alikihifadhi kisa hicho katika kitabu chake kuhusu maisha ya mtu kwenye Alpi za juu. Hata hivyo hitimisho la wakati ule lilikuwa kwamba Jacottet aliuawa na kichomi. Kwa zaidi ya nusu karne iliyofuata, kichomi ndicho kilichoandikwa kwenye vyeti vya vifo vya namna hiyo.

Reli na migodi ya Andes

Ili ugonjwa huu uonekane kwa wingi, ilihitajika njia ya kuwafikisha watu wengi juu bila kuwapa nafasi ya kuzoea. Njia hiyo ikawa reli. Nchini Peru, reli ya kati iliwatoa abiria Lima, pwani, ikawapitisha kwenye mwinuko wa karibu meta 4,800 na kuwashusha La Oroya, mji wa kuyeyushia madini ulio kwenye meta 3,700 na ushei, yote hayo ndani ya siku moja. Nchini Chile, garimoshi liliwapeleka wafanyakazi kutoka bandarini hadi kwenye migodi ya shaba ya mpakani na Bolivia kwa muda wa siku mbili hivi.

Kwenye mgodi mmoja wa huko alifanya kazi daktari Mwingereza, Thomas Ravenhill. Mwaka 1913 alichapisha makala aliyoigawa puna, jina la wenyeji la ugonjwa wa mwinuko, katika aina tatu: ya kawaida, ya ubongo na ya moyo. Aina ya tatu aliieleza kwa dalili za mapafu yaliyojaa maji, na akasisitiza kwamba haikuwa kichomi. Alikosea tu kuutupia moyo lawama. Mwaka uliofuata vita vikuu vilianza Ulaya, na makala yake ikasahauliwa kwa takriban nusu karne.

Madaktari wa Peru waliendelea kuyaona maradhi haya. Alberto Hurtado, aliyeongoza utafiti wa maisha ya watu wa Andes, aliandika kisa chake mwaka 1937. Mwaka 1955 Leoncio Lizárraga alitoa maelezo marefu ya wagonjwa kadhaa. Waligundua pia jambo la ajabu: wengi wa wagonjwa hawakuwa wageni. Walikuwa wenyeji wa milimani walioteremka pwani kwa wiki kadhaa kisha wakarudi nyumbani. Maandishi yote hayo yalikuwa kwa Kihispania, na hospitali za Marekani na Ulaya hazikuyasoma.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1960. Charles Houston, daktari wa Colorado aliyekuwa ameongoza safari mbili za kupanda mlima K2, alichapisha katika jarida la tiba la New England kisa cha kijana mwenye nguvu aliyekuwa akivuka milima kwa kuteleza kwenye theluji. Mapafu ya kijana huyo yalijaa maji bila dalili yoyote ya maambukizi wala ugonjwa wa moyo, na alipona upesi baada ya kushushwa na kupewa oksijeni. Mwaka huohuo Herbert Hultgren wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyekuwa amezuru hospitali ya La Oroya, alieleza wagonjwa wengi wa aina hiyo hiyo. Tangu hapo kichomi cha milimani kikawa ugonjwa unaojitegemea.

Wanajeshi wa Himalaya

Miaka miwili baadaye vita vya mpakani kati ya India na China viligeuka kuwa jaribio ambalo hakuna mtafiti angethubutu kulipanga. Mwaka 1962 India ilipeleka maelfu ya askari kutoka nyanda za chini hadi kwenye vituo vya kati ya meta 3,300 na 5,500, wengi wao kwa ndege na malori. Inder Singh na wenzake wa idara ya tiba ya jeshi walikusanya kumbukumbu za askari 1,925 waliougua maradhi ya mwinuko na kuzichapisha mwaka 1969. Mwaka 1965, N. D. Menon alikuwa amekwisha kueleza wagonjwa 101 wenye maji mapafuni waliotibiwa Leh, katika mkoa wa Ladakh.

Takwimu za jeshi zilikuwa na thamani ya pekee. Askari walikuwa wa umri unaokaribiana, wamepimwa afya kabla ya kuandikishwa, na walipanda kwa ratiba moja. Hata hivyo sehemu ndogo tu ndiyo iliyougua, na baadhi yao waliugua tena kila waliporudi kutoka likizo. Uzembe, udhaifu au uvutaji wa tumbaku havikutosha kueleza tofauti hiyo. Ilibidi chanzo kitafutwe ndani ya miili yao.

Mishipa inayojibana kupita kiasi

Ufunguo ulikuwa umekwisha kupatikana Stockholm. Mwaka 1946 Ulf von Euler na Göran Liljestrand walionyesha, kwa kutumia paka, kwamba mishipa midogo ya mapafu hujibana oksijeni inapopungua. Kwenye tambarare jambo hili lina faida, kwa kuwa damu huondolewa kwenye sehemu ya pafu isiyopata hewa na kupelekwa kwenye sehemu inayopumua vizuri. Milimani, ambako pafu zima lina uhaba wa oksijeni, mishipa hujibana kila mahali na shinikizo ndani ya ateri ya mapafu hupanda.

Mwaka 1964 Hultgren na wenzake walichapisha vipimo vya wagonjwa wa Peru, waliopitishiwa mpira mwembamba kwenye mishipa hadi moyoni na kwenye ateri ya mapafu. Shinikizo katika ateri hiyo lilikuwa juu sana, lakini upande wa kushoto wa moyo ulikuwa wa kawaida. Moyo ukaondolewa lawama aliyoutwika Ravenhill. Mwaka 1971 Hultgren, Robert Grover na mwenzao walipima watu waliokwisha kupona, na wakakuta kwamba hata wakiwa wazima shinikizo la mapafu yao lilipanda kupita la wengine walipopelekwa juu. Huo ndio ushahidi wa kwanza kwamba walioathirika walikuwa na maumbile tofauti.

Ushahidi mwingine ulitokana na watu waliozaliwa na kasoro. Mwaka 1980 Peter Hackett na wenzake walieleza wagonjwa wanne waliozaliwa bila ateri ya pafu la kulia. Wote walipata maji mapafuni kwenye mwinuko wa wastani, kwa kuwa damu yote ilipita kwenye pafu moja. Mantiki yake ni ile ya mifereji ya shambani: baadhi ikizibwa, maji yote hukimbilia iliyobaki na kubomoa kingo zake. Kwa mtu mwenye maumbile ya kuugua, mishipa hujibana bila usawa. Sehemu ambazo hazikujibana hupokea damu nyingi kwa shinikizo kubwa, kuta nyembamba za kapilari hushindwa kustahimili, na maji yenye protini na chembe za damu huvujia kwenye vifuko vya hewa.

Kazi ya kuthibitisha nadharia hiyo ilifanyika zaidi Capanna Margherita, kibanda kilichofunguliwa mwaka 1893 kwenye kilele kimojawapo cha Monte Rosa nchini Italia, meta 4,559. Mosso alikuwa amefanya utafiti hapo zamani. Karibu karne moja baadaye Oswald Oelz, Peter Bärtsch, Marco Maggiorini na wenzao walipandisha hapo watu waliojulikana kuwa wepesi wa kuugua. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1991, watu 11 walipewa kidonge kisicho na dawa na 10 walipewa nifedipini, dawa ya kulegeza mishipa ya damu. Katika kundi la kwanza waliugua 7, na katika la pili mmoja tu. Mwaka 1996 timu ya Urs Scherrer ilionyesha kwamba kuvuta gesi ya nitriki oksidi, ambayo mwili huitengeneza wenyewe ili kulegeza mishipa, kulishusha shinikizo na kuongeza oksijeni katika damu ya watu hao. Baadaye ilidhihirika kwamba pumzi yao ilikuwa na gesi hiyo kidogo kuliko ya watu wasiougua. Swali sasa likawa kama upungufu huo umeandikwa katika jeni.

Funzo la ng'ombe na la ukoo

Wazo la urithi halikuanzia kwa binadamu. Wafugaji wa Colorado walijua tangu zamani kwamba baadhi ya ng'ombe wanaopelekwa malisho ya juu huvimba kidari na kufa. Mwaka 1915 George Glover na Isaac Newsom waliueleza ugonjwa huo kitaalamu. Ng'ombe hawa hawafi kwa maji ya mapafuni bali kwa moyo wa kulia kushindwa kazi, lakini mzizi ni uleule wa ateri za mapafu kujibana kupita kiasi. Mwaka 1975 ilithibitishwa kwa vizazi vya ng'ombe kwamba wepesi huo hurithiwa. Tangu hapo wafugaji wa milimani hupima shinikizo la mapafu ya dume kabla ya kulinunua.

Kwa binadamu, dalili za urithi zilionekana Peru na Colorado, ambako ndugu wa familia moja waliugua kwa zamu. Huko Leadville, mji wa Colorado ulio juu ya meta 3,000, madaktari walieleza mwaka 1977 watoto na vijana waliougua kila waliporejea kutoka tambarare. Mwaka 2009 ilichapishwa taarifa ya ukoo wa Wahan wa China ambao ugonjwa ulijitokeza katika vizazi vitatu.

Lakini si kila anachozaliwa nacho mtu ni cha kurithi. Mwaka 1999 Claudio Sartori na wenzake walionyesha kwamba vijana waliopatwa na shinikizo kubwa la mapafu kwa muda mfupi walipozaliwa walibaki na mishipa inayojibana kuliko kawaida hata ukubwani. Ukoo humpa mtu mishipa ya namna fulani, na siku za kwanza za uhai huweza kuiongezea ukali.

Kuisaka jeni

Utafiti wa jeni zenyewe ulianzia kwa kiasi kikubwa Japani, katika Chuo Kikuu cha Shinshu mjini Matsumoto, chini ya Alpi za Japani. Milima hiyo haifiki meta 3,200, kwa hiyo anayejaa maji mapafuni pale anashukiwa kuwa na wepesi mkubwa. Mwaka 1998 Masayuki Hanaoka na wenzake waliripoti kwamba aina fulani za HLA, alama za kinga ya mwili, zilikuwa nyingi zaidi kwa wagonjwa. Mwaka 2002 Yunden Droma na kundi hilohilo walitangaza uhusiano na mabadiliko ya jeni ya kimeng'enya kinachotengeneza nitriki oksidi kwenye kuta za mishipa. Hapo fiziolojia na jeni zilionekana kukutana, na watafiti wa India nao walipata uhusiano unaofanana miongoni mwa askari na wasafiri.

Haikuchukua muda kabla ya mashaka kuingia. Mwaka 2003 watafiti wa Ulaya walichunguza jeni hiyohiyo kwa wapanda milima wa kwao na hawakuona tofauti. Jeni ya kimeng'enya cha ACE, kinachohusika na kubana mishipa, nayo ilitoa majibu yanayopingana: mahali pengine ilihusishwa na ugonjwa, na Ulaya haikuhusishwa. Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, ugonjwa ni wa nadra, kwa hiyo kila utafiti ulikuwa na makumi machache ya wagonjwa, na idadi hiyo huruhusu bahati kujifanya ushahidi. Pili, alama ya jeni iliyo nyingi kwa Wajapani inaweza kuwa adimu kwa Waswisi, na mtu mmoja akafikia udhaifu uleule wa mishipa kwa njia nyingine kabisa.

Mwelekeo ulibadilika watafiti walipowageukia wasiougua. Mwaka 1993 vipimo vya wanaume wachache wa Lhasa vilionyesha kwamba mishipa ya mapafu ya Watibeti haijibani sana hata oksijeni ikipungua. Mwaka 2010 makundi kadhaa yalitangaza kwa wakati mmoja kwamba Watibeti wana namna yao ya jeni iitwayo EPAS1, mojawapo ya zinazousaidia mwili kuhisi uhaba wa oksijeni. Mwaka 2014 ikaonekana kwamba sehemu hiyo ya jeni ilirithiwa kutoka kwa Wadenisova, jamii ya kale ya binadamu iliyokwisha kutoweka. Mwaka 2015 jeni hiyohiyo, katika sura nyingine, ilihusishwa na ugonjwa wa ng'ombe wa Colorado. Umuhimu wa mfumo huo wa kuhisi oksijeni ulitambuliwa mwaka 2019, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipopewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Njia nyingine ilipitia kwa wagonjwa wa shinikizo la kurithi la ateri za mapafu, ambao huugua hata wakiwa pwani. Jeni yao kuu, BMPR2, ilitambuliwa mwaka 2000. Watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, wamezichunguza jeni za kundi hilo kwa watu waliowahi kujaa maji mapafuni milimani, na wamekuta mabadiliko kwa baadhi yao. Kwa hao, safari ya milimani ilifichua udhaifu ambao pengine usingejulikana maishani mwao.

Picha iliyopo sasa ni ya jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo: za kubana mishipa, za kuilegeza, za kuhisi oksijeni na za kunyonya maji kutoka kwenye vifuko vya hewa. Hakuna hata moja inayotosha kumtabiria mtu kama ataugua.

Matumizi ya elimu hiyo

Kwa sababu hiyo hakuna kipimo cha jeni kinachotumika kuwachuja wapandaji. Daktari huuliza kama mtu amewahi kuugua akiwa juu, na kwa mwinuko gani. Aliyewahi huambiwa apande polepole, na anaweza kupewa nifedipini kabla ya kuanza safari. Kwa watu wote, ushauri wa kawaida ni kwamba juu ya meta 3,000 mahali pa kulala pasiongezeke kwa zaidi ya meta 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne kuwe na siku ya mapumziko.

Kwenye Kilimanjaro ushauri huo ni mgumu kutimizwa. Katika njia ya Marangu, mpandaji hutoka Horombo, kwenye meta 3,720, hadi Kibo, karibu meta 4,700, kisha usiku huohuo huanza kupanda kuelekea kilele cha Uhuru, meta 5,895. Kasi hiyo huweza kumletea maradhi hata asiye na urithi wowote, na kwa mwenye nao hatari huongezeka mara nyingi. Wapagazi na waongozaji wanaoishi kwenye vijiji vya chini ya mlima nao hawana kinga ya kuzaliwa. Ndiyo maana waongozaji hubeba kifaa cha kupima oksijeni kinachobanwa kidoleni, na kanuni yao ya msingi ni kumshusha mara moja mtu anayetweta akiwa amepumzika, bila kungoja kukuche. Kushuka hata kwa meta 1,000 mara nyingi huyaokoa maisha, na pasipo nafasi ya kushuka, oksijeni au mfuko wa kuongeza kanieneo hutumika mpaka njia ipatikane.